Herufi Tatu

Mwezi wa pili mwaka huu nilibakisha kama dakika kumi hivi nitume laki nne na nusu kwa simu. Nilikuwa kwa boma ya mzee mmoja nje ya Nakuru, mvua imetoka tu kunyesha, na mbele yangu kulikuwa na Datsun 1600 ya manjano iliyopauka, magurudumu mawili hayana upepo, kuku ametaga kwa kiti cha nyuma. Sikutii chumvi, kulikuwa na yai. Lakini nyuma kwenye buti kulikuwa na herufi tatu: SSS.

Kama guka wako alipenda Safari Rally, hizo herufi hazitaki maelezo. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari ya 1970 wakiwa na Datsun 1600 SSS, na tangu hapo kila mzee Kenya ana binamu aliyewahi kuwa nayo na haikuwahi kupitwa na mtu.

Fundi niliyeenda naye haongei sana. Alifungua boneti, akachungulia, akafunga. "Hii ni 1600 ya kawaida. SSS ilikuja na kabureta mbili." Mzee akasema moja iliharibika ikatolewa. Fundi akafungua boneti tena, akamwonyesha kwa kidole: hata manifoldi yenyewe ilikuwa ya kabureta moja. Kimya. Kuku akarudi.

Sikulipa siku hiyo. Lakini safari yote ya kurudi Nairobi nilikuwa najiuliza, kwani mimi nilikuwa nanunua nini? Bila zile herufi hilo gari singeliangalia mara mbili. Nilikuwa tayari kuongeza karibu laki na nusu juu ya bei kwa sababu ya vipande vitatu vya chuma vilivyoshikwa na skrubu. Nikaanza kusoma kuhusu watu wanaonunua magari ya zamani na kuyaongezea nguvu, na kila nilichosoma kilinirudisha mji mmoja, mwaka mmoja: Detroit, 1963. Na huko pia hadithi ilianza na herufi tatu.

Hizo ni GTO.

Wakati huo General Motors, kampuni mama ya Chevrolet na Pontiac na wengine, ilikuwa imepiga marufuku mambo ya mashindano. Amri ilitoka Januari 1963: hakuna kitengo kitakachofadhili mbio. Shida ni kwamba Pontiac walikuwa wamejenga jina lao lote juu ya mbio. Ni kama uambie matatu ya Rongai isiweke muziki. Juu ya hiyo kulikuwa na sheria nyingine ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisiwekwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita tano na nusu.

Mhandisi mkuu wa Pontiac alikuwa John DeLorean, bado hajafika miaka arobaini. Yeye na wahandisi wenzake wawili, Bill Collins na Russ Gee, waligundua kitu rahisi sana. Ile injini kubwa ya inchi 389, lita 6.4, iliyokuwa kwenye magari makubwa ya Pontiac, ilikuwa inaingia kwa bodi ya Tempest, gari dogo la kifamilia, bila kukata chuma chochote. Inaingia tu. Sasa, sheria ya inchi 330 ilihusu modeli mpya, na modeli mpya lazima ipitishwe na wakubwa. Lakini kitu cha kuongezea kwa modeli iliyopo, kama vile redio ama viti vizuri, kilikuwa hakihitaji ruhusa yao. Kwa hivyo hawakutengeneza gari. Walitengeneza kifurushi. Unanunua Tempest LeMans, unaongeza karibu dola 295, unapewa injini kubwa, sailensa mbili, springi ngumu zaidi, na zile herufi.

Na herufi zenyewe walizitoa wapi? Kwa Ferrari. Kulikuwa na Ferrari 250 GTO, gari la mbio la Kiitaliano, na herufi hizo kwa Kiitaliano zinahusu gari lililoidhinishwa rasmi kushiriki mashindano. Ya Pontiac haikuwa imeidhinishwa na mtu yeyote kushiriki chochote. Ilikuwa inatoka kwa kampuni iliyopiga mashindano marufuku! DeLorean alichukua tu jina. Wapenzi wa Ferrari walikasirika vibaya sana. Vijana wa Marekani hawakujali, wakaifupisha zaidi, wakaiita Mbuzi.

Mkuu wa mauzo hakuamini litanunuliwa, akakubali yatengenezwe 5,000 tu kwanza. Mwaka huo wa kwanza, 1964, yaliuzwa 32,450. Mwaka wa 1966 yalikaribia 97,000.

Hapo ndipo aina nzima ya gari ilizaliwa. Wamarekani huyaita magari ya misuli, na jina linafaa: mwili ni wa mtu wa kawaida, misuli ni ya kununua. Injini kubwa za kasi zilikuwepo kabla ya hapo, sitaki kupigwa mawe na wajuaji. Lakini hii ndiyo iliyofanya kila kampuni ikimbilie mlango huo huo. Ford tayari walikuwa na Mustang iliyotoka Aprili 1964, ambayo chini ya nguo ilikuwa Falcon, gari la mama wa kwenda sokoni. Plymouth wakaja 1968 na Road Runner, wakatoa mazulia, wakatoa mapambo, wakaacha injini kubwa na kulipa Warner Bros. dola 50,000 ili watumie jina na picha ya yule ndege wa katuni. Honi ikasikika kama yeye. Watu wazima walitengeneza hilo gari wakiwa na akili zao timamu.

Kuna kitu kimoja kuhusu ile GTO ya kwanza ambacho kilinichekesha hadi nikapiga simu kwa fundi wangu usiku. Machi 1964 jarida la Car and Driver lilitoa toleo lenye GTO na Ferrari GTO kwenye jalada, zikishindana. Jalada lilikuwa mchoro. Ferrari haikufika kwenye majaribio kabisa. Na Pontiac iliyopewa wanahabari waendeshe? Ilienda kwa kasi ya kutisha, na takwimu zake zikafanya nchi nzima iende kwa wauzaji. Miaka zaidi ya thelathini baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyeipeleka, alikiri kwamba chini ya boneti haikuwa injini ya 389. Ilikuwa ya 421, kubwa zaidi, imevishwa ifanane na ile ndogo.

Mnaona? Gari lililozaa hekaya yote lilikuwa kama Datsun ya mzee wangu, beji inasema hivi na injini inasema vile. Tofauti ni kwamba yeye alidanganya kwenda juu.

Sasa, nani alikuwa ananunua hivi vitu? Sisi. Wale watoto wengi waliozaliwa Marekani baada ya vita kuisha 1945 walikuwa wanafika miaka 18 mwaka huo huo wa 1964. Kazi kwa viwanda zilikuwepo, mshahara ulikuwepo, mkopo wa gari ulipatikana. Mustang ya kwanza ilianzia dola 2,368. Kijana wa kufunga boliti kiwandani angeweza kulipa pole pole na Jumamosi usiku akawa barabarani. Wengine wengi wa rika hilo walikuwa Vietnam, ambako kufikia 1968 kulikuwa na wanajeshi wa Marekani zaidi ya nusu milioni, na wengine wao walirudi na akiba ya mishahara na hamu moja tu ya kuitumia.

Halafu yakafa. Na hapa ndipo mimi nagombana na karibu kila mtu mtandaoni.

Ukiuliza kilichoua magari ya misuli utaambiwa ni petroli. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu ya kuunga mkono Israeli vitani, bei ikapanda, foleni zikajaa kwa vituo, mwisho wa hadithi. Hiyo hadithi ni tamu na inaeleweka kwa Mkenya yeyote aliyewahi kungoja tangazo la bei mpya tarehe 14. Lakini angalia tarehe. GTO kutoka karibu 97,000 mwaka 1966 ilishuka hadi elfu kumi na kidogo mwaka 1971. Mwaka 1972 hazikufika 6,000. Injini maarufu ya Hemi 426 ya Chrysler iliachwa mwisho wa msimu wa 1971. Foleni za petroli zilikuta maiti.

Kilichoanza kuua ni bima.

Hapa niseme ukweli wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yangu ilikuwa ile ya mahesabu ya bima. Mnajua ile kozi, watu walikuwa wanaambiwa ukimaliza utalipwa kama mbunge. Kwa mathe hiyo mada bado ni donda, kwa hivyo nitaipitia haraka. Lakini kuna kitu kimoja nilitoka nacho: bima haikujui wewe. Inajua kundi lako. Umri, jinsia, gari, mahali. Ukishaingia kwa kundi baya, hata uendeshe kama padri, unalipia makosa ya wengine.

Mwishoni mwa miaka ya sitini kampuni za bima za Marekani ziliangalia madai zikaona kundi moja linawamaliza: wavulana wa chini ya miaka 25 kwenye magari mepesi yenye injini kubwa. Wakaanza kugawanya nguvu za injini kwa uzito wa gari. Ukivuka kiwango fulani, unatozwa zaidi, na ukiwa kijana, zaidi tena. Wengine walikataa kabisa kuwaandikia. Kijana akaenda kununua gari akiwa na hesabu ya mkopo kichwani, akakuta bima inadai kama mkopo wa pili.

Viwanda vilijua. Ndiyo maana ukiangalia karatasi za wakati huo unapata injini zilizoandikwa nguvu ndogo kuliko zilizonazo. Ford waliandika nguvu farasi 335 kwa ile 428 Cobra Jet ya 1968, na hakuna aliyeiendesha aliyeamini. Wakati mwingine ilikuwa ujanja wa kuingia daraja rahisi kwenye mashindano, wakati mwingine ni kumficha mwenye bima. Wakatengeneza pia magari yenye injini ndogo kidogo lakini yenye rangi na mistari yote ya yale makubwa. Yaani beji bila misuli. Ilikuwa 1964 ikirudi kinyumenyume.

Sheria ya hewa safi iliyosainiwa mwisho wa 1970 ilifunga mlango uliobaki. Kwa modeli za 1971 General Motors walishusha mgandamizo kwenye injini zao ili zitumie petroli hafifu isiyo na risasi. Na 1972 viwanda vikabadilisha namna ya kupima nguvu: badala ya injini iliyo uchi mezani, wakaipima ikiwa imebeba sailensa, feni na kila kitu. Namba zikaporomoka kwa karatasi mara moja, hata pale ambapo injini haikubadilika sana. Hebu fikiria umeuza hekaya ya namba kwa miaka minane halafu unakuja na namba hiyo.

Mimi nilipouliza bima kamili ya gari langu la kwanza, Vitz, nikiwa na miaka 21, yule dada wa dirishani aliangalia tarehe ya kuzaliwa kwanza kabla ya kuniuliza ni gari gani. Nilimwelewa. Nilikuwa nimesomea hiyo kazi yake mihula minne. Lakini nilisikia kitu tumboni, na nadhani yule mvulana wa Ohio wa 1970 alikisikia pia.

Kwa hivyo katikati ya miaka ya sabini haya magari yalikuwa mzigo. Yanakula mafuta, bima ghali, mtindo umepita. Yakauzwa kwa bei ya kutupa, yakachorwa rangi mbaya, yakawekwa matairi makubwa nyuma, yakaozea nyuma ya nyumba. Nani aliyabakisha? Mara nyingi ni watu ambao hawakuwa na mpango wowote.

Mfano ninaoupenda ni Mustang GT ya kijani ya 1968 ambayo Steve McQueen aliiendesha kwenye filamu ya Bullitt. Mwaka 1974 jamaa mmoja wa New Jersey aliona tangazo kwa jarida, akainunua dola 6,000. Mke wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akawa anaenda nayo kazini. Kweli kabisa, gari la filamu lenyewe, kwenye maegesho ya walimu. Mwaka 1977 McQueen aliandika barua akiomba kuuziwa. Hawakumjibu. Mwaka 1980 klachi ikaharibika, wakaliegesha, maisha yakaendelea, likakaa miaka. Januari 2020 mtoto wao aliliuza kwa mnada Florida, na pamoja na ada likafika dola milioni 3.74.

Halikuwa limepakwa rangi upya. Lilikuwa na kutu, mikwaruzo, na matundu yaliyokatwa na watu wa filamu. Kama yule baba angekuwa na pesa na hamu ya kulifanya zuri mwaka 1985, angekuwa amefuta mamilioni kwa msasa. Na bila karatasi, pamoja na ile barua ya McQueen, ingekuwa Mustang ya kijani tu.

Hiyo ndiyo iliniingia. Mtu anayenunua gari la misuli leo ananunua karatasi kwanza, chuma baadaye. Chukua GTO yenyewe. Kwa sababu 1964 na 1965 ilikuwa kifurushi tu, nambari ya chesisi haisemi GTO popote. Inasema LeMans. Ni mpaka 1966 ndipo ilipokuwa modeli kamili na nambari ikaanza kwa 242. Kwa zile za mwanzo lazima utafute nakala ya ankara ya kiwanda, na kuna ofisi inayohifadhi rekodi hizo za Pontiac na kuziuza kwa wenye magari. Chevelle SS ni kinyume chake: hadi 1968 nambari inakuambia, kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi na nambari ikanyamaza. Kwa hivyo Chevelle za kawaida za 1970 zimegeuzwa SS kwa wingi. Herufi mbili, mistari miwili juu ya boneti, bei inapanda mara dufu.

Sasa mambo ya kuongeza nguvu. Wasee wengi wakinunua gari la zamani wanaanza na injini. Ni makosa, na historia iko upande wangu. Ile GTO ya 1964 ilikuwa na nguvu farasi 325, ama 348 ukiongeza kabureta tatu, na breki za dramu magurudumu yote manne, inchi tisa na nusu, zile zile za gari la kifamilia. Dramu ikipata moto inaachilia. Unakanyaga, hakuna kitu. Ndiyo maana Wamarekani wanaojua wakirudisha haya magari barabarani wanaanza na breki za diski mbele, sailinda mbili za breki badala ya moja, radieta kubwa, waya mpya za umeme, mikanda ya kiti. Injini ya kisasa, kama ile LS ya alumini iliyoanzia kwenye Corvette ya 1997, inakuja mwisho kabisa.

Petroli nayo ni hadithi. Injini za zamani zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye mafuta kulinda viti vya vali. Afrika kusini mwa Sahara tuliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na nafuu, kwa sababu ile sumu ilikuwa inaingia kwa vichwa vya watoto. Ila injini ya chuma ya 1970 iliyolala tangu enzi hizo inataka kichwa chake kifunguliwe na viti vigumu viwekwe kabla hujaanza kujigamba Waiyaki Way.

Na ni gari gani lifanyiwe haya yote? Lile ambalo herufi zake hazina thamani. Ukikata SS halisi yenye karatasi zake zote, umeharibu kitu ambacho hakitarudi. Ukikata Chevelle ya kawaida ya silinda sita, umepata gari zuri na hakuna aliyelia. Fundi wangu alisema maneno hayo hayo kuhusu ile 1600, bila kusoma chochote, akiwa anakula mahindi choma Naivasha. "Sasa si SSS. Si basi hiyo ndiyo tungeweka diski bila roho kuuma?"

Kuagiza Chevelle yenyewe nilishafuta kichwani. Gari la mtumba likizidi miaka minane halipiti bandarini hivi hivi, na usukani wa kushoto ni kesi nyingine. Misuli yetu ni zile 1600, Escort na 504 ambazo ziko kwa boma za watu, zina kuku.

Kwa hivyo nilimpigia mzee simu. Nikamwambia nataka 1600 ya kawaida kwa bei ya 1600 ya kawaida, laki tatu, na beji abaki nayo akumbuke ujana. Alicheka sana. Akataja laki tatu na nusu. Nikamwambia sawa, nitumie picha ya logibuku na ya nambari ya chesisi kwanza, kitu ambacho mwezi wa pili hata sikukumbuka kuuliza. Mimi, wa mahesabu ya bima.

Picha zilikuja jana usiku. Nambari zinalingana. Jina la mwenye gari si lake, ni la kaka yake aliyefariki 2011. Nimemuuliza kama familia ilienda kortini kuchukua barua za mirathi. Ameona ujumbe. Tangu asubuhi inaniambia anaandika.